Pochi ya Bei Kubwa, Boksi Halipo: Ushauri kwa Muuzaji wa Kiseke

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya akina mama wa Kiseke, Mwanza, kuanzia ya majirani wa nyumba za PPF hadi ya vikundi vya vikoba, tangazo la pochi ya bei kubwa hupokelewa kwa namna ileile. Mwenye mali anaposti picha mbili na kuandika kwamba ni orijino, imeletwa na shangazi kutoka Uingereza, haijatumika sana. Swali la kwanza ni bei. La pili ni boksi: lipo? Na kile kifuko chake cha kitambaa? Risiti je? Akijibu kwamba havipo, grupu linanyamaza, naye kwa hofu anaanza kushusha bei kabla hata hajaombwa. Mkoba ulionunuliwa kwa pauni mia kadhaa unaondoka kwa bei ya pochi mpya ya Kariakoo.

Haraka hiyo ya kushusha bei inawatia hasara wanawake wengi kuliko kukosekana kwa boksi lenyewe. Mnunuzi anayeuliza boksi hataki karatasi ngumu ya kujaza kabati lake. Anatafuta shahidi. Anaogopa kupigwa, na ana haki ya kuogopa, kwa sababu pochi zenye herufi za LV na GG zimejaa kila mtaa wa maduka na nyingi hazijawahi hata kupita karibu na Paris wala Florence. Ukishaelewa kwamba anachokiulizia ni ushahidi, unaacha kuomba radhi kwa kukosa boksi na unaanza kumtafutia mashahidi wengine. Wapo, na baadhi yao wana nguvu kuliko boksi.

Kwanza ondoa aibu. Sababu za boksi kukosekana ni za kawaida kabisa. Ndugu anayesafiri kutoka Ulaya ana kilo zake 23 kwa kila begi, na boksi la mkoba linakula nafasi ya viatu vya watoto na dawa za bibi; kwa hiyo anaacha boksi, anajaza nguo ndani ya mkoba, anafunga safari. Vifuko vya kitambaa vinageuzwa vya kuwekea viatu. Risiti inabaki kwa mnunuzi kwa sababu zawadi haitolewi na bei yake. Na mkoba uliotoka kwenye robota la mitumba pale Mlango Mmoja haukuwahi kuja na kitu. Sema sababu yako kama ilivyo, kwa sentensi moja. Maelezo marefu ndiyo yanayotia shaka.

Halafu tenganisha vitu viwili ambavyo wauzaji wengi huvichanganya. Kuna vifungashio, na kuna viungo vya mkoba. Boksi, kifuko cha kitambaa, utepe, karatasi laini na mfuko wa dukani ni vifungashio. Visipokuwepo, mkoba bado unafanya kazi yake yote. Mkanda wa begani, kufuli na funguo zake, mnyororo, na kile kipochi kidogo kinachoning'inia ndani ya baadhi ya mikoba mikubwa ni viungo. Kikikosekana kimoja, mkoba wenyewe umepungua. Pochi iliyotengenezwa kuvaliwa begani na sasa inashikwa mkononi tu imepoteza matumizi, na mnunuzi anayekupunguzia bei kwa hilo hakuonei.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza, tafuta picha ya modeli yako ikiwa mpya, kwenye tovuti ya kampuni au ya wauzaji wakubwa wa mitumba ya kifahari, uangalie ilizaliwa na nini. Wengine hugundua hapo kwamba mkanda uliokuwa umesahaulika kwenye kabati ni sehemu ya pochi, au kwamba ile kufuli ndogo ya shaba ambayo mtoto anaichezea ina thamani. Kufuli za Louis Vuitton hugongwa namba, na funguo zake hubeba namba ileile. Zikilingana, zipige picha pamoja.

Kama mkanda umepotea kweli, usimpelekee fundi viatu akuwekee mwingine kisha ukanyamaza. Mafundi wetu mjini wana mikono mizuri na wanaweza kukushonea mkanda unaovalika, lakini huo ni wa fundi, na tangazo liseme hivyo. Ningekushauri uuze bila mkanda kabisa, umwache mnunuzi aamue mwenyewe atafungia nini. Vilevile usibadilishe zipu wala pete za chuma kabla ya kuuza. Chuma cha asili kilichochujuka rangi kinaaminika kuliko kipya kinachong'aa ambacho hakifanani na wenzake.

Sasa mashahidi. Wa kwanza ni mkoba wenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wauzaji wengi wanapojiangusha kwa kutojua wanachouza.

Chukua mkoba wa Louis Vuitton wenye michoro ya maua na herufi, ule mchoro wa Monogram uliobuniwa mwaka 1896. Muuzaji anaandika kwamba ni ngozi halisi mwanzo mwisho. Mnunuzi anayeijua kampuni hiyo anasoma na kuondoka, kwa sababu mwili wa mikoba hiyo si ngozi. Ni turubai la pamba lililopakwa tabaka la plastiki. Kwenye modeli kama Speedy, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1930, ngozi ipo kwenye vishikio na pembezoni, na ni ngozi ya ng'ombe isiyotiwa rangi, ambayo kwa jua na mafuta ya mikono hubadilika polepole kutoka rangi ya maziwa hadi ya asali, halafu kahawia. Nimeona watu wakisugua vishikio hivyo kwa sabuni au kuvipaka kiwi ya viatu ili virudi kuwa vyeupe. Wanafuta ushahidi. Vishikio vilivyoiva sawasawa pande zote mbili vinasema mengi ambayo boksi haliwezi kusema.

Ndani ya mikoba mingi ya kampuni hiyo, kuanzia miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa 2021, kuna alama ndogo ya herufi na tarakimu, mara nyingi imegongwa kwenye kipande cha ngozi kilichojificha mfukoni. Kwa mikoba iliyotengenezwa kuanzia 2007, herufi mbili zinaonyesha karakana, tarakimu ya kwanza na ya tatu zinaonyesha wiki, ya pili na ya nne zinaonyesha mwaka. Ukikuta 2135, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Ukikuta tarakimu zinazotoa wiki ya 78, una tatizo. Lakini usije ukamwambia mnunuzi kwamba alama hiyo inathibitisha kila kitu. Watengenezaji wa feki nao wanaigonga, na mikoba mingi halali ya wiki moja hubeba alama inayofanana. Kuanzia 2021 kampuni iliacha alama hizo na kuweka chipu isiyoonekana, kwa hiyo mkoba wa karibuni usiokuwa na alama si lazima uwe feki. Na zingatia hili: Louis Vuitton hawatoi cheti wala kadi ya uhalisi pamoja na mkoba. Mtu akikudai kadi ya LV, mweleze kwa upole kwamba haijawahi kuwepo. Na ukiona mkoba wa LV unaouzwa pamoja na kadi kama hiyo, kuwa macho.

Kwa Chanel mambo ni tofauti. Mikoba yao ya tangu katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa na stika ya namba ndani na kadi yenye namba ileile, hadi 2021 walipohamia kwenye kibati cha chuma chenye chipu. Hapa kukosa kadi kunauma zaidi, na stika ikiwa imebanduka inauma mara mbili. Wenye Gucci nao wanakosea upande mwingine: wanadhani namba iliyo nyuma ya kile kipande cha ngozi cha ndani ni namba ya mkoba wao peke yake. Safu ya juu ni namba ya modeli, na ya chini kwa kawaida inahusu mtengenezaji. Kwa hiyo itumie kuthibitisha kwamba modeli unayoitaja ndiyo hiyo, usiitumie kuapa. Zipu nazo: neno YKK kwenye zipu halithibitishi lolote peke yake, kwani kampuni hiyo ya Japani inauza zipu kwa kila aina ya watengenezaji, wakubwa kwa wadogo.

Shahidi wa pili ni historia ya mkoba, na mara nyingi iko umbali wa simu moja. Mpigie aliyekuletea. Akikwambia risiti ilipotea, muulize kama alinunua mtandaoni au kama duka lilimtumia risiti kwa barua pepe. Siku hizi maduka mengi ya Ulaya na Marekani hufanya hivyo. Muulize kama ana akaunti kwenye duka hilo, kwa sababu kampuni kubwa huhifadhi kumbukumbu za manunuzi kwa jina la mteja. Muulize kama taarifa ya benki yake ya mwezi ule inaonyesha jina la duka na kiasi. Picha ya skrini iliyofichwa namba za kadi na salio inatosha. Na mwombe picha za zamani: ameuvaa harusini, ameuweka mezani hotelini, wewe mwenyewe umeubeba kwenye sendoff ya mwaka ule. Picha yenye tarehe inayoonyesha mkoba huohuo, wenye mkwaruzo huohuo kwenye pembe, inaunganisha mkoba na mtu, na mtu anaweza kuulizwa.

Nguvu ya historia si jambo la kufikirika. Tarehe 10 Julai 2025, kwenye mnada wa Sotheby's mjini Paris, mkoba wa kwanza wa Birkin, ule uliotengenezewa mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin mwaka 1984, uliuzwa kwa yuro milioni 8.6. Ulikuwa umechakaa. Ulikuwa na alama za stika alizokuwa akizibandika za mashirika ya misaada, na kikata kucha chake kikiwa bado kinaning'inia. Kilichojulikana ni nani aliubeba, na kwamba mwaka 1994 aliutoa upigwe mnada kuchangia vita dhidi ya UKIMWI, kisha ukapita mikono inayofahamika hadi mnadani. Pochi yako haitafika huko, lakini kanuni ni moja: mali ambayo safari yake inajulikana ina bei, hata ikiwa na makovu.

Na ule uliotoka mitumbani? Huo hauna shangazi. Sema ulipoununua na lini, basi. Usiutungie safari ya London. Wauzaji wengine huamini kwamba kitu chochote kilichotoka kwenye robota la Ulaya lazima kiwe orijino. Wazungu nao hununua feki wakiwa likizoni, huzitumia, huzichoka na kuzitoa sadaka pamoja na mashati. Kwa hiyo mkoba wa mitumba unahitaji shahidi wa tatu kuliko mwingine wowote: mkaguzi.

Tanzania hatuna duka la Louis Vuitton wala Chanel la kukimbilia, na hata huko yaliko, maduka hayo kwa kawaida hayafanyi kazi ya kuhakiki mikoba ya watu mitaani. Lakini wapo wakaguzi wa kujitegemea mtandaoni ambao hupokea picha, hutoza ada, na kuandika maoni yao kwa jina la huduma yao. Ipo pia kampuni ya Entrupy ya New York, ambayo wateja wake, yaani wafanyabiashara wa mikoba, hutumia kamera ya kukuza na programu ya kompyuta kulinganisha ngozi na turubai na kumbukumbu zake. Je, ulipie? Kama mkoba ni Michael Kors au Coach uliotumika, ada inaweza kula faida yako yote. Acha, tegemea picha nzuri na ukweli wako. Kama ni Chanel, Hermès, au LV ya ngozi tupu, lipia. Kabla hujatuma hela soma maoni ya wateja wengine wa mkaguzi huyo, na ujiandae kisaikolojia kwa jibu usilolitaka.

Jibu hilo likija, yaani ikibainika mkoba ni feki, biashara imeisha. Najua inauma, hasa kama ulipewa kwa upendo na aliyekupa naye alidanganywa. Lakini Sheria ya Alama za Bidhaa inakataza kuuza bidhaa zenye alama za kughushi, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia na kukamata. Kuandika kwamba ni kopi kali hakukusafishi. Beba mwenyewe, utoke nayo sokoni Kirumba na kanisani, usimuuzie mtu.

Kuna kishawishi kingine ambacho lazima nikitaje kwa jina. Mtandaoni yanauzwa maboksi matupu ya kampuni hizi, vifuko, tepe, hata risiti zilizochapwa. Mjini utampata mtu wa kukuagizia. Mtu atakushauri: nunua boksi, pandisha bei. Usifanye. Hata kama boksi lenyewe ni la kweli, limetoka kwa mkoba mwingine, na mnunuzi mjanja ataona saizi haiendani au stika ya ubavuni inataja modeli tofauti. Tangu hapo hataamini hata yale ya kweli uliyomwambia. Umekuwa na mkoba halali na sasa una mkoba wa kutiliwa shaka. Risiti ya kughushi ni mbaya zaidi. Hiyo inakuhamisha kutoka muuzaji wa pochi hadi mtuhumiwa.

Badala yake nenda kwa fundi cherehani, mpe kitambaa cheupe cha pamba, akushonee kifuko cha kamba kisicho na nembo yoyote. Kinagharimu kidogo, kinalinda mkoba, na kinamwonyesha mnunuzi kwamba umeutunza. Hakijidai kuwa kitu kingine.

Utunzaji huo ni suala zito kwetu sisi wa ukanda wa ziwa. Hewa ya Mwanza wakati wa masika hubeba unyevu, na kabati lililobanwa ukutani linaota ukungu bila mwenye nyumba kujua. Ukungu ndani ya mfuko wa pochi unashusha bei kuliko boksi lililopotea. Usihifadhi mkoba kwenye nailoni. Rambo zilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini bado watu wana nailoni za nguo za dobi, na hizo hufungia unyevu na kunata kwenye ngozi iliyopakwa. Jaza mkoba fulana safi za zamani ili ukae na umbo lake; gazeti linaacha wino. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, weka viwili ndani. Harufu nayo: pochi iliyokaa chumba kimoja na jiko la mkaa au dagaa huchukua harufu hiyo, na mwenyewe huisikii kwa kuwa umeizoea. Mwombe mtu wa nyumba nyingine ainuse. Iache wazi kivulini, penye upepo, siku kadhaa. Usipulize pafyumu juu yake. Utakuwa na harufu mbili.

Usafi uwe wa kitambaa laini chenye unyevu kidogo kwenye turubai lililopakwa, na kikavu kwenye ngozi isiyotiwa rangi, ambayo tone la maji tu huiachia doa. Toa makombo na sarafu kwenye pembe za ndani. Pekua kila mfuko, hasa kwa mikoba ya mitumba. Ukikuta kadi ya benki au kitambulisho cha mtu wa nje, usivipige picha na kuviposti kama ushahidi. Viharibu. Pochi yenye nyaraka za mtu bado ndani yake inaweza pia kuwa iliibiwa kabla ya kufika kwenye robota, na hilo ni la kulitafakari kabla ya kuiuza mbele.

Picha zipigwe asubuhi, nje, kivulini, bila filta. Mawe yetu yapo kila kona ya Kiseke na yanapendeza, lakini granite inakwaruza. Tandika khanga isiyo na maua mengi au shuka jeupe. Piga mbele, nyuma, kitako, pembe zote nne kwa karibu, vishikio, mishono, meno ya zipu, maandishi yaliyogongwa, bitana ya ndani, na kila kasoro. Kasoro ipewe picha yake na ipewe mwanga kama uzuri. Weka karatasi yenye jina lako na tarehe pembeni ya mkoba kwenye picha moja, ili mtu asizichukue na kujifanya ni wake. Alama au namba ya ndani ionyeshe nusu, nusu ifunike kwa kidole, umwonyeshe yote mnunuzi wa kweli mtakapokutana. Namba halali zinazozagaa mtandaoni hunakiliwa.

Tangazo liseme lisilokuwepo mapema, mstari wa pili tu, kabla hujaulizwa. Kwa mfano: "Louis Vuitton Speedy 30, Monogram, alama ya ndani ya mwaka 2015. Hauna boksi, kifuko wala risiti ya karatasi. Uliletwa kutoka Uingereza na ndugu, picha ya risiti ya barua pepe ipo. Kufuli na funguo moja zipo. Pembe mbili zimekwaruzika, ona picha ya sita na ya saba. Vishikio vimeiva rangi. Kuuona ni Kiseke au mjini." Hakuna mapambio. Neno orijino halimo hata mara moja, na bado msomaji anaamini, kwa sababu kila sentensi anaweza kuja kuihakiki.

Bei. Usianzie kwenye bei ya dukani. Anzia kwenye bei ambazo mikoba iliyotumika ya modeli hiyohiyo, saizi hiyohiyo na hali inayokaribiana imeshauzwa. Vestiaire Collective ya Paris na The RealReal ya Marekani ni madirisha mazuri ya kuchungulia. eBay nayo hukuruhusu kuchuja zilizouzwa tu. Bei inayoombwa na mtu ni matumaini yake, iliyouzwa ndiyo bei. Humo utaona jambo la kutia moyo: mikoba mingi inauzwa bila boksi kila siku, na kinachoivuta bei chini sana ni hali ya mkoba na viungo vilivyokosekana. Geuza kwa shilingi, kisha ukubali kwamba Mwanza wanunuzi ni wachache kuliko Dar es Salaam au Nairobi, na uchache huo una gharama yake. Ukipata, tuseme, laki nane kwenye hesabu yako, tangaza laki nane na nusu, andika maongezi yapo, na uwe umeamua moyoni mwako namba ambayo chini yake unarudisha mkoba kabatini. Uamuzi huo ufanywe nyumbani. Ukiufanya mbele ya mnunuzi anayehesabu noti, utauza kwa hasara.

Uuze wapi? Mimi naanza na mitandao ya watu kabla ya mitandao ya simu. Kiseke ni mahali ambapo mtu anajulikana kwa watoto wake, jumuiya yake na kikundi chake, na jina lako linaweza kusimama pale ambapo boksi lingesimama. Mnunuzi wa kikobani anajua atakupata wapi kesho. Ndiyo maana mwenye mkoba usio na karatasi hupata bei nzuri zaidi kwa mtu wa pili, rafiki wa rafiki, kuliko kwa mgeni wa mtandao wa Jiji au Facebook ambaye hana sababu ya kukuamini. Msimu nao una maana: watu hutafuta pochi kabla ya sendoff na harusi, na Desemba. Januari, ada za shule zikidai, hakuna anayenunua. Wanaouza ndio wengi.

Hatari ya kuuza kwa mnaofahamiana ni mali kauli. Shoga yako atauchukua leo, atalipa elfu hamsini, na nyingine mwisho wa mwezi. Pochi si mchele. Ikishavaliwa harusi tatu hairudi ilivyokuwa. Kama ni lazima upokee kwa awamu, mkoba ubaki kwako hadi awamu ya mwisho. Ukimpa mwenye duka la nguo akuuzie kwa kamisheni, au dalali, andikeni kiasi unachotaka mkononi, cha juu chake ni kiasi gani, na utakaa dukani muda gani. Andikeni pia kasoro zilizopo siku unapoukabidhi, pamoja na picha, usije ukarudishiwa mkoba wenye doa la chipsi.

Mnunuzi wa mbali ana taratibu zake. Mzigo kwa basi kutoka Nyegezi ni rahisi, lakini kata stakabadhi, andika thamani, na piga video ukiufunga mkoba kwenye katoni ngumu. EMS ya Posta nayo ipo kwa asiyetaka kutegemea utingo. Hela iingie yote kabla gari halijaondoka; kama anaogopa, na ana haki, aombe ndugu yake aliyepo Mwanza aje auone na kulipa.

Mnunuzi wa hapahapa mkutane mchana, mahali penye watu na ulinzi, Rock City Mall kwa mfano, na usiende peke yako. Meseji ya muamala usiiamini kwa kuisoma tu. Fungua M-Pesa, Airtel Money au Mixx yako uangalie salio kwa macho yako, kwani meseji feki hutungwa na mtu kwa namba ya kawaida. Noti nyingi zipeleke kwa wakala zikahesabiwe hapohapo. Kisha andikeni karatasi ya mauziano, nakala mbili: majina, namba za simu, maelezo ya mkoba, alama ya ndani, vitu visivyokuwepo, kasoro, kiasi kilicholipwa, tarehe na sahihi, na shahidi mmoja kila upande. Karatasi hiyo inakulinda endapo mtu atapiga simu huduma kwa wateja kudai alikosea namba na arudishiwe hela yake. Inamlinda naye pia. Kwa Sheria ya Uuzaji Bidhaa, kitu kilichouzwa kwa maelezo kinapaswa kulingana na maelezo hayo, na maelezo yenu yameandikwa.

Humohumo wekeni kifungu cha kurudisha. Mpe siku saba za kuupeleka mkoba kwa mkaguzi anayemwamini yeye, kwa gharama yake. Ukithibitika si halali, unarudisha hela na yeye anarudisha mkoba katika hali ileile. Wauzaji wengi wanakiogopa kifungu hiki, na kwa mkoba usio na boksi ndicho kinachomfanya mnunuzi aliyesita atoe hela yote bila kukata laki moja ya wasiwasi. Ila kwa siku hizo saba hela ikae kwenye simu au benki, isiguswe kwa ada wala kwa zamu yako ya mchezo.